Simu Ikae Wapi?
Simu inapowasiliana na mnara hutoa mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Hupasha joto kidogo sehemu ya mwili iliyo karibu. Mwaka 2011, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ingawa ushahidi ni mdogo.

Tahadhari haigharimu kitu. Mtandao ukiwa dhaifu, mstari mmoja tu, simu huongeza nguvu. Subiri usogee penye mtandao mzuri. Kwa maongezi marefu weka spika. Mama, simu ya kifuani au ya pindo la kanga itie mkobani. Usiku iweke mezani, si chini ya mto. Hata sentimita chache husaidia.