JUU YA KUTENGENEZA MANDOLINI KUUKUU

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mbaha)



Mmetutaka tuseme juu ya kazi tuifanyayo baada ya saa za ofisi, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Baadhi yenu mmeuliza kwa mzaha kama tumeacha kalamu tukashika randa. Hatukuiacha kalamu. Bali tumeona ya kuwa kalamu ndiyo iliyotufundisha namna ya kushika randa, na hilo ndilo tutakalo kulieleza leo.

Yafaa kwanza tuseme mandolini ni kitu gani, kwa kuwa wengi wameisikia wasiitambue. Ni chombo cha nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, kila jozi kwa sauti moja. Hupatanishwa kama fidla, yaani sol, re, la na mi, kutoka jozi nene hata nyembamba. Kwa hiyo ajuaye fidla hapotei vidoleni akiishika mandolini. Asili yake ni Italia. Katika karne ya 18 mafundi wa Napoli, na hasa wa ukoo wa Vinaccia, waliiunda kwa mbavu nyembamba za mti zilizopindwa na kuunganishwa, hata mgongo wake ukawa mfano wa kibuyu kilichopasuliwa. Kiasi cha mwaka 1835 Pasquale Vinaccia akaitia nyuzi za chuma cha pua, sauti yake ikapata nguvu. Huko Marekani, Orville Gibson wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1898 kwa mandolini ya namna nyingine, iliyochongwa uso na mgongo kama fidla. Na katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki si ngeni, maana imepigwa katika taarab pamoja na udi na fidla.

Mandolini tuliyoletewa hapa Mbaha ni ya mgongo wa mbavu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa shule aliyekwisha kufariki, nayo ilikaa darini miaka mingi, juu ya moshi wa jiko na chini ya joto la bati. Hali yake ilikuwa hivi: uso una ufa kutoka tundu la sauti hata ukingoni, mbavu tatu zimeachana, boriti moja ndogo ya ndani imebanduka, daraja la kubebea nyuzi limepotea, mlia mmoja wa shaba shingoni haupo, na nyuzi zote zimeliwa na kutu. Mgongoni palikuwa na kiraka cha bati la debe kilichopigiliwa misumari midogo, kazi ya mkono wa marehemu mwenyewe. Fundi mmoja aliyetangulia alikuwa amemwaga gundi ngumu ya kisasa katika ufa ule, ikakauka kama jiwe, na ufa usifunge.

Lakini taabu kubwa haikuwa katika mti, ilikuwa katika maneno ya wenye mali. Bibi, mjane wa marehemu, alitaka chombo kirudi vile vile kilivyokuwa mikononi mwa mumewe, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa. Mjukuu wake, kijana apigaye muziki kanisani na katika arusi, alitaka kitiwe umeme kisikike mbele ya ngoma na spika, tena kipakwe rangi nyekundu. Tuliwasikiliza wote wawili, tukaona kila mmoja ana haki. Chombo kikibadilishwa sana, Bibi atakuwa amempoteza mumewe mara ya pili. Na chombo kisiposikika hakitapigwa, na kisichopigwa kitarudi darini, na huko darini mchwa hawana huruma.

Basi, ndugu wanachama, hapo ndipo tulipoikumbuka kalamu. Tarakimu ikikosewa katika daftari la fedha, karani haikwangui kwa wembe wala haifuti kwa kifutio. Huikata kwa mstari mmoja ili ya zamani iendelee kusomeka, akaandika iliyo sahihi juu yake, kisha akatia saini ndogo na tarehe. Kwa desturi hiyo mkaguzi ajaye baada ya miaka kumi ataona kilichokuwapo, kilichobadilishwa, na ni nani aliyekibadilisha. Tukajiwekea sheria hiyo hiyo: tusifanye jambo lo lote katika mandolini hii ambalo fundi wa baadaye hawezi kulitengua.

Na tueleze sheria hiyo ilivyotuongoza katika kila kazi.

Kwanza ni gundi. Tulitumia gundi ya ngozi za wanyama, ile ya maseremala wa zamani. Hulowekwa katika maji mpaka ivimbe, kisha hupashwa moto katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kiasi cha nyuzi 60 za joto, wala haichemshwi, kwa maana ikichemka hupoteza nguvu. Sifa yake ni mbili. Ikikauka hushika imara. Na siku ikitakiwa kuachia, joto na unyevu huilainisha, mti ukafunguka pasipo kuvunjika. Gundi ngumu za kisasa zina sifa ya kwanza, lakini nyingi hazina ya pili. Ile iliyomwagwa na fundi wa kwanza ilitubidi kuiondoa kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, jioni nyingi, kwa kuogopa kuula mti wenyewe.

Pili ni ufa. Watu wa ziwani hatuhitaji kufundishwa na mgeni ya kuwa mti hunywa maji na kutoa maji. Wakati wa masika mlango hukwama, na wakati wa mwera, upepo mkavu unapovuma kutoka kusini, mlango ule ule hucheza. Ufa wa mandolini ni vivyo hivyo. Ukiuziba kwa kipande cha mti wakati wa kiangazi, masika yakija uso utavimba, kipande kitasukuma pande zote mbili, na ufa wa pili utazaliwa kando ya wa kwanza. Kwa ajili hiyo tulikiweka chombo sandukuni pamoja na kitambaa chenye unyevu, pasipo kugusana, siku kadhaa, mpaka ufa ukajifunga wenyewe. Ndipo tukatia gundi, na kwa ndani tukabandika vibao vidogo vya msonobari kutoka kasha kuukuu, vikikatiza ufa kama mishono ikatizavyo jeraha.

Tatu ni mlia wa shaba uliopotea, na hapa makarani mtafurahi, maana ni hesabu tupu. Pima urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu ya shingo hata daraja. Wetu ni milimita 330, yaani inchi 13. Ugawe kwa 17.817. Jibu ni 18.5, na hapo ndipo mahali pa mlia wa kwanza. Toa, zimebaki 311.5. Ugawe tena kwa 17.817, upate 17.5, na hiyo ni nafasi ya kutoka mlia wa kwanza mpaka wa pili. Endelea vivyo hivyo. Ninyi mnaoshika madaftari ya samani mwaijua hesabu hii: ni ile ya kupunguza thamani ya meza ya ofisi kila mwaka kwa sehemu ile ile ya thamani iliyobaki. Na ajabu yake ni hii, ya kuwa ukifika mlia wa 12 umebakiwa na nusu kamili, milimita 165, na uzi ukibanwa hapo hulia sauti ile ile ya mwanzo, lakini juu zaidi, kama mtoto amwitikiaye babaye.

Nne ni daraja na kizingiti. Daraja jipya tulilichonga kwa mpingo, mti wa kwetu kusini, ambao mataifa hutengenezea zumari zao bora. Kwa hesabu lingekaa milimita 165 baada ya mlia wa 12. Lakini kidole kikibana uzi huuvuta kidogo na kuupandisha sauti, kwa hiyo daraja hurudishwa nyuma milimita moja au mbili, mpaka sikio likubali. Daraja la mandolini halibandikwi kwa gundi, hushikwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Basi sheria yetu haikuvunjika. Kizingiti tulikichonga kwa mfupa wa ng'ombe. Baadhi ya mandolini za zamani zilitiwa pembe za ndovu na magamba ya ng'amba; sisi tusizitafute, kwani mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kuizuia biashara ya pembe, na mfupa wa mchuzi wa jana wafanya kazi ile ile.

Tano ni nyuzi. Nyuzi nane zikikazwa huvuta pamoja kwa nguvu ya kiasi cha ratili 150, karibu na uzito wa mtu mzima, na zinavuta juu ya ubao ambao unene wake ni milimita chache tu. Chombo kilicholala miaka mingi hakiamshwi kwa kishindo. Tulitia nyuzi nyepesi, tukazikaza kidogo kila siku kwa muda wa juma zima.

Sasa twafika penye ugomvi: mabadiliko. Wako wasemao ya kuwa kitu cha kale kisiguswe. Lakini ndugu zetu wa ziwa hili wana ushahidi mwingine. Ngoma ya mganda, tuipendayo pande zote mbili za Nyasa, chanzo chake ni nini? Watu waliwaona askari na bendi zao, na baada ya Vita ya 1914 hata 1918 wakaigeuza gwaride kuwa mchezo. Matarumbeta hawakuwa nayo. Wakatwaa vibuyu, wakatoboa tundu, wakalifunika kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Jambo la kigeni likawa la kwetu, na hapana mzee wa Mbaha leo asemaye mganda si ngoma ya wazee wake. Hukwe Zawose naye, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliyapeleka mazeze na ilimba hata nchi za mbali, wala hakuogopa kutengeneza makubwa kuliko yale aliyoyarithi. Basi kubadili si kosa. Kosa ni kubadili kwa namna inayofuta.

Kwa kanuni hiyo tuliamua hivi. Rangi nyekundu tuliikataa, maana isingeweza kuondolewa pasipo kuondoa vanishi ya kwanza iliyo chini yake. Umeme tuliukubali, lakini hatukutoboa hata tundu moja. Kipo kisahani chembamba kinachonasa mtetemo wa ubao, ukubwa wake kama sarafu; tulikibandika ndani kwa nta ya nyuki, na waya wake ukatokea katika tundu la sauti. Kijana akitaka kupiga arusini atauchomeka. Bibi akitaka kusikia barazani waya utafichwa, na siku nta ikibanduliwa hapatakuwa na alama.

Na kiraka cha debe? Vitabu vya ufundi vingetuamuru tukiondoe, kwani si mti wala si kizuri. Tulikipima: hakilii, hakilegei, na ubavu ulio chini yake umekauka salama. Tukakiacha. Marehemu hakuwa na gundi wala duka karibu. Alikuwa na debe tupu, mkasi, na hamu ya kupiga. Kiraka kile ndicho saini yake ndogo na tarehe yake, nasi hatuna ruhusa ya kuikwangua. Bibi alipoona kimebaki, alikipapasa kwa kidole, asiseme neno juu ya waya.

Mwisho wa kazi tuliandika karatasi, nakala mbili, tukitaja kila tulilolitengeneza, kwa gundi gani na mti gani, mwezi na mwaka. Nakala moja imo ndani ya mfuko wa mandolini pamoja na nyuzi za zamani na misumari iliyotoka; ya pili iko kwetu. Huenda mkacheka ya kuwa hata muziki tumeutilia faili. Chekeni, lakini fundi atakayekishika chombo hiki baada yetu hatabahatisha kama tulivyobahatisha sisi.

Ndugu wanachama, tuna ombi moja. Katika nyumba zetu nyingi, darini na nyuma ya milango, vimo vyombo vya sauti vilivyonyamaza: bangwe, zeze, magitaa, banjo za bati, na vibuyu vya mganda vilivyopasuka. Waliojua kuvitengeneza wanapungua kila mwaka, na kifo cha fundi mmoja huzima sauti nyingi kwa siku moja. Twaomba Chama kifungue daftari, ambamo kila mwanachama ataandika chombo alichonacho nyumbani, ni cha nani, kina hali gani, na ni mzee gani aliye hai ajuaye kukipiga au kukitengeneza. Gharama yake ni daftari moja na kalamu. Sisi kwa upande wetu tutakuwa tayari kila Jumamosi alasiri kumpokea ye yote aletaye chombo, naye atashika mwenyewe tupa na msasa, kwa maana hatutaki kuwa fundi pekee wa Mbaha. Hiyo ndiyo hatari yenyewe tunayoikimbia.