Kutoka Mizani ya Pamba hadi Wizara ya Fedha: Funzo la Paul Bomani

Yafuatayo ni maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), katika kikao cha maandalizi ya msimu wa ununuzi wa pamba.



Nimeombwa nizungumzie huduma ya mizani. Naomba nianze na historia ya mtu ambaye wazee wetu wanamkumbuka vizuri.

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Katika ujana wake alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaja Mwanza na kuajiriwa katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Kazi hiyo ilimkutanisha na wakulima wa Usukuma, naye akasikia kilio chao: pamba iliyopimwa na mnunuzi ilipungua uzito kabla hata haijatoka ghalani. Mkulima hakujua kusoma mizani, na aliyejua hakuruhusiwa kuisogelea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walijipanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni ili kuhakiki uzito. Bomani alizunguka vijijini kuunganisha vyama hivyo. Mwaka 1955 viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa meneja mkuu wake. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekipiga marufuku chama cha TANU katika Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Hata hivyo ushirika uliendelea kuwakutanisha watu.

Uhuru ulipokaribia, Bomani aliingia serikalini kama Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha. Baadaye alikuwa balozi nchini Marekani, kisha Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2005.

Ndugu zangu, yapo mengine yasiyosimuliwa sana. Ushirika ule ule uliozaliwa kwa ajili ya mizani ulikuja kulalamikiwa na wakulima wake wenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1968 Shirikisho la Victoria likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, hadi sheria ya 1982 ilipovirejesha. Funzo ni kwamba kumiliki mizani hakutoshi. Mizani ya mwenzetu nayo inahitaji kuhakikiwa.

Msimu uliopita mkulima mmoja alifika ofisini kwetu na stakabadhi yenye kilo pungufu kuliko alizopima nyumbani. Tulimuuliza kama aliiona stika ya uhakiki kwenye mizani. Alijibu kwamba hakujua kuwa ana haki ya kuitafuta. Hatukuweza kumrudishia kilo zake, kwa kuwa pamba ilikwisha kuchanganywa na ya wengine.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, kila mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya siku ya kwanza ya ununuzi, na stika iwekwe mahali panapoonekana. Pili, mizani isomeke sifuri mbele ya mkulima kabla mzigo haujapandishwa. Tatu, karani ataje kilo kwa sauti na kuziandika kwenye stakabadhi papo hapo. Nne, mwenye shaka alalamike kabla mzigo wake haujachanganywa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa ushirika wa wilaya.

Haya yawahusu pia wenzetu wa mialoni, maana samaki na dagaa nao hupimwa.

Bomani alifika mbali kwa sababu alianza na kero ndogo ya mtu mdogo. Nasi tuanzie hapo hapo, mbele ya mizani.