Cheti cha Fundi Hakitoshi Kumlinda Mwenye Nyumba

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa chama cha kuweka na kukopa cha walimu na watumishi wa umma.)



Mmeniomba nizungumze juu ya namna ya kumlinda mwananchi anayejenga nyumba yake dhidi ya fundi au mkandarasi asiye mwaminifu. Kila hasara inapotokea, husikika sauti ikisema: "Serikali iwape leseni mafundi wote, na asiye na leseni asishike mwiko." Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nakusudia kueleza nusu ya pili.

Wengi wetu hujenga nyumba mara moja tu maishani. Hujenga kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kwa miaka mingi, au kwa kiinua mgongo ambacho kikishaliwa hakirudi. Fundi, kwa upande wake, hujenga nyumba baada ya nyumba. Basi katika mapatano yao mmoja ni mzoefu na mwingine ni mgeni, na mgeni huyo ndiye anayetoa fedha kwanza. Hapo ndipo mlango wa udanganyifu unapofunguka.

Nami niliingia katika mlango huo. Mwaka 2009 nilianza kujenga nyumba ya vyumba vitatu, nami nikiwa kazini katika mkoa mwingine. Fundi niliyepatana naye alikuwa na cheti halali cha chuo. Alinionyesha, nikakisoma kwa macho yangu. Nilimlipa zaidi ya nusu ya ujira siku ya kwanza, nikaagiza saruji na nondo, nikarudi kazini. Niliporudi likizo, kuta zilikwisha simama, sakafu imesakafiwa, nami nikamshukuru. Masika ya kwanza yalipopita, ufa ukatokea kutoka pembe ya dirisha hadi chini. Tulipofukua tuliona kwamba msingi haukufika nusu ya kina tulichopatana, na nondo tulizonunua hazikuwamo. Ilinibidi nibomoe upande mmoja wa nyumba na kujenga upya. Fundi alikwisha hama mji.

Je, leseni ingalinisaidia? Tutazame kwanza sheria zetu zilivyo. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya mwaka 1997, ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi linayoruhusiwa kufanya. Wahandisi nao wana bodi yao, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Utaratibu huo una faida kubwa. Mkandarasi aliyesajiliwa anajulikana jina lake na mahali alipo, na anaogopa kufutwa katika daftari. Mwenye malalamiko anajua mlango wa kubisha. Asiyeona thamani ya jambo hilo hajapata kumtafuta fundi aliyetoroka.

Lakini usajili una mipaka yake. Tarehe 29 Machi 2013, miaka 16 baada ya sheria hiyo kupitishwa, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na vifo vikahesabiwa tena kwa makumi. Sheria zilikuwapo na bodi zilikuwapo. Ni dhahiri kwamba daftari la majina, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi peke yake kushikilia ukuta.

Tena, nyumba ya mwalimu kwa kawaida haijengwi na kampuni. Hujengwa na fundi mwashi na vibarua wake wawili watatu. Tukisema leo kwamba asiye na leseni asijenge, nani atajenga nyumba za watumishi walioko Kibondo au Namtumbo? Fundi ataendelea kujenga, ila kwa kujificha, na mwenye nyumba aliyepatana naye kwa siri ataogopa kwenda kumshtaki. Walio na leseni, kwa kuwa wachache, watapandisha bei. Na wako watakaoiazimisha leseni kama mtu anavyoazimisha koti la harusi: jina la mmoja liko kwenye karatasi, na mikono ya mwingine iko kwenye zege.

Hata hivyo, ndugu zangu, hoja iliyo kubwa kuliko zote ni hii. Katika ujenzi, kila hatua huifunika ile iliyotangulia. Msingi hufunikwa na kifusi, nondo hufunikwa na zege, tofali hufunikwa na lipu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 30 au 35 ya inchi sita, tofali huwa imara. Fundi mwizi hutoa 60, akauza mifuko iliyobaki. Na baada ya lipu na rangi nani atajua? Leseni humkagua mtu kabla ya kazi kuanza, lakini wizi hufanyika kazi inapoendelea. Kwa hiyo ulinzi wa kweli ni kuikagua kazi yenyewe kabla haijafunikwa.

Hayo yanawezekana hata kwa mtu wa kipato chetu. Tuandike mkataba, mbele ya mashahidi, unaotaja kina cha msingi, unene wa nondo, geji ya bati na mchanganyiko wa zege. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipe kwa hatua, na malipo ya hatua yasitoke mpaka hatua hiyo imekaguliwa. Tumlipe fundi sanifu asiye na uhusiano na mjenzi, aje angalau mara tatu: msingi ukiwa bado wazi, nondo za linta zikiwa zimefungwa kabla zege halijamwagwa, na kenchi zikiwa tayari kabla ya kuezeka. Ujira wake ni mdogo ukilinganisha na gharama ya kubomoa. Na zege likishamwagwa, tuhakikishe linamwagiliwa maji kwa siku 7 za mwanzo bila kukosa, maana huhitaji siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa.

Aidha, Serikali inapojengewa barabara au shule, hubakiza sehemu ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Kwa nini mwalimu asifanye vivyo hivyo, akabakiza sehemu ya ujira mpaka masika ya kwanza yapite? Fundi mwaminifu hataogopa sharti hilo, ilimradi limeandikwa tangu mwanzo na mwenye nyumba naye analiheshimu. Maana haki haina upande mmoja: wako pia wenye nyumba wanaowadhulumu mafundi jasho lao.

Kwa upande wa leseni, ushauri wangu ni kwamba tusianze kwa kukataza. Tuanze kwa kutambua. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini. Utaratibu huo uenezwe, na kila kata iwe na orodha ya mafundi wake pamoja na nyumba walizojenga, ili anayetaka kujenga aende akazione na kuwauliza wenyewe. Chama chetu nacho kisitoe mkopo wa nyumba wote kwa mara moja. Kiutoe kwa hatua, kwa kadiri ya ukaguzi.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio mnaoendewa na jirani asiyejua kusoma mkataba. Msimsomee tu, mwulizeni pia nani atautazama msingi wake kabla haujafukiwa. Mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza swali hilo.