Ziwa Nalo Linahitaji Likizo

(Hotuba iliyotolewa Kagerankanda katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Tulipokuwa hapa, lalamiko letu kubwa lilikuwa dagaa wa bwaloni. Tuliwasema vibaya sana. Lakini karo yangu mimi ilitokana na dagaa hao hao, maana mama alikuwa akinunua gunia Kigoma na kuliuza hapa kwa mafungu.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kufuatana na makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia. Nilipofika nyumbani siku hizo, mama aliniuliza: "Mwanangu, mmefunga ziwa. Je, na matumbo mmeyafunga?" Mimi, mtumishi wa serikali mwenye digrii, sikuwa na jibu. Leo nataka kujaribu kumjibu mbele yenu.

Ndugu zangu, ziwa letu lina kina cha meta 1,470. Hakuna lenye kina zaidi katika Afrika. Kwa sababu hiyo watu hudhani samaki wake hawaishi. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa, wala samaki hawezi kukaa humo. Samaki wengi huzaa na kukulia kandokando, na huko ndiko makokoro na vyandarua vya mbu hukokotwa, vikizoa wazazi na watoto pamoja. Tena wataalamu walionyesha mwaka 2003 kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Basi chakula cha samaki kimepungua, nasi wavuaji tumeongezeka. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Kulinda maji si jambo geni kwetu. Hifadhi ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, inalinda pia ukanda wa ziwa wenye upana wa kilometa 1.6. Huko pwani, Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Kwa maoni yangu, miezi mitatu peke yake haitoshi. Mazalio ya samaki yalindwe mwaka mzima, nazo nyavu haramu zikomeshwe kabisa.

Lakini swali la mama bado lipo. Mvuvi anaarifiwa kwa mkutano. Mama muuza dagaa wa Kagerankanda anaarifiwa na gunia tupu. Mzigo wa kufunga ziwa usibebwe na wanyonge peke yao. Watangaziwe mapema, wakopeshwe kwa masharti nafuu, na wahesabiwe kuwa ni watu wa ziwa ingawa hawajapanda mtumbwi.

Nanyi wanafunzi msiseme, "Sisi ni watu wa milimani, ziwa linatuhusu nini?" Maji ya nyanda hizi huingia Mto Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Tukilima mpaka ukingoni mwa kijito, udongo wetu unakwenda kufukia mazalio ya samaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache meta 60. Hebu kila mmoja akapime shambani kwao. Nami nimepima kwetu: tulikuwa tumelima mpaka majini. Mwaka huu tumerudi nyuma, na mama alinung'unika, lakini alishika jembe akasaidia kupanda miti.

Sisi tulipewa likizo ili turudi na nguvu. Ziwa nalo tulipe likizo yake.