Bangi ya Uani si Burudani



Wapo vijana wanaozalisha bangi chotara uani. Huchanganya aina mbili zisizofanana, wakisema ni burudani tu, hawauzi. Sheria ya 2023 haikubali udhuru huo: kupanda bila kibali ni kosa.

Aidha, bangi chotara haitabiriki. Katika kizazi cha pili, miche ya mama mmoja hutofautiana: mmoja hafifu, mwingine mkali mno, wala jicho halitambui. Mvutaji hudhurika asijue kwa nini.

Kipaji cha kuchanganya mbegu si hatia. Kinahitajika katika mazao ya chakula, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi kipo hapa Arua. Wazazi, waelekezeni vijana mapema, kabla hatujakutana nao mahakamani.