Umeme Ukikatika Wakati wa Baridi Kali

Leo tunazungumza na ndugu zetu walioko Marekani, hasa familia zilizotoka nchi za joto na ambazo bado hazijaizoea theluji.

Februari 2021, dhoruba ya baridi iliikumba Texas. Nyumba na majengo ya biashara zaidi ya milioni 4 yalikosa umeme, mabomba yakapasuka, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi; wengine walivuta kaboni monoksidi.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye mkaa, jenereta na injini ya gari. Kwa hiyo, jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata madirisha yakiwa wazi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba. Msiwashe gari gerejini ili kuota joto. Mkiona kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote, kisha pigeni 911.

Kaeni chumba kimoja, zibeni upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, na vaeni nguo juu ya nguo. Watoto wachanga na wazee waangaliwe kwanza. Bomba liachwe lidondoshe maji kidogo kidogo lisigande. Friji isifunguliwe ovyo. Bila umeme, chakula hukaa salama humo kwa takriban saa 4 tu.

Tahadhari kabla ya hatari: nunueni mapema king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri.