Talanta Mkononi mwa Shoto

Jumapili ya 33 ya Mwaka A: Mt 25:14-30

Ndugu wapendwa mnaotusikiliza majumbani na vigangoni, katika Injili ya leo tumesikia habari za mtumishi aliyepewa talanta moja, naye akaichimbia chini. Hakuiiba wala hakuitapanya. Aliogopa tu. Hofu hiyo tuitazame leo kwa mfano wa chombo kinachotumiwa na kwaya zetu nyingi, yaani gitaa.

Wapigaji walio wengi hubana nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzipiga kwa mkono wa kulia. Mtu wa shoto hufanya kinyume, na nyuzi za gitaa lake hufungwa kwa mpangilio uliogeuzwa. Mjini Birmingham, Uingereza, alikuwako kijana wa namna hiyo, jina lake Tony Iommi. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ule ule aliobania nyuzi. Kama angeizika talanta yake siku hiyo, nani angemlaumu?

Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpigaji aliyeunguzwa vibaya na moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili visivyofanya kazi vizuri, lakini akaendelea kupiga. Kijana akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Katika baadhi ya nyimbo za santuri iitwayo Master of Reality, ya mwaka 1971, nyuzi zake zilishushwa nusu-hatua tatu nzima. Sauti ile nzito ikawa msingi wa aina mpya ya muziki wa roki. Hatusemi nyimbo zake ziimbwe kanisani. Tunaitazama bidii ya mtu aliyekataa kuzika alichopewa.

Tujifunze pia kutokana na nyuzi zilizoshushwa. Zikishushwa zote kwa kipimo kimoja, wimbo hauharibiki, bali unakuwa mzito zaidi. Ukishushwa uzi mmoja peke yake bila mpango, vidole vinavyofuata mazoea huleta makelele. Ndivyo ulivyo unyenyekevu katika jumuiya: ukidaiwa kwa wadogo tu, huku wakubwa wamekaza, hakuna upatano.

Mwenye kujifunza gitaa hukutana pia na ngazi za sauti ngeni. Wanakwaya, jaribuni kuimba mkianzia mi badala ya do: mi, fa, sol, la, ti, do, re, mi. Hatua ya kwanza ni nusu tu, na sikio hudhani pana kosa. Kumbe huo ni mtindo wa tatu kati ya mitindo minane ya wimbo wa Kigregori, urithi wa Kanisa letu wenyewe! Pandisheni sol kwa nusu-hatua, nanyi mtapata ngazi iliyo karibu na ile ambayo Waarabu huiita Hijaz, na ambayo wapenzi wa taarabu kule Zanzibar wameizoea tangu utoto. Jambo geni sikioni si lazima liwe kosa. Huenda bado halijafundishwa tu, na njia ya kujifunza ni moja: polepole, hatua kwa hatua, kila siku.

Wazazi na makatekista, hapa neno linatugusa. Wako watoto wanaochapwa kwa sababu wanaandika kwa mkono wa kushoto. Wengine huambiwa kwamba mbuzi wa Hukumu ya Mwisho waliwekwa upande huo. Tusomeni vizuri sura hiyo hiyo ya 25: waliohukumiwa ni wale wasiomlisha mwenye njaa wala kumtazama mgonjwa. Na katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 3, Mungu alipotaka kuwaokoa watu wake alimwinua Ehudi, mtu wa shoto, kutoka kabila la Benyamini. Basi, mtoto anayefundishwa kuuonea haya mkono wake amefundishwa hofu ya yule mtumishi wa tatu. Na aliyemfundisha ndiye aliyemshikia jembe la kuchimbia.

Kwa hiyo, viongozi wa kwaya, akija kijana wa shoto, msimrudishe. Mgeuzieni nyuzi, na vijitundu vya kuzishika pale shingoni vichongwe upya kwa unene wake. Ni kazi ndogo kwa fundi, lakini kwa kijana huyo huenda ndiyo siku ya kufukua talanta yake. Bwana akirudi atatuuliza juu ya talanta zetu, na pia juu ya zile tulizowasaidia wengine kuzizika.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.